Mstari wa Pili Kwenye Ramani ya Mtaa

Habari ililetwa na Masalu wa bodaboda, ambaye sisi tunamwita Taarifa kwa sababu pikipiki yake hubeba abiria mmoja na tetesi tatu. Alifika kwenye benchi la muuza chai wetu, Mayu Ng'washi, yaani Mama Ng'washi, saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, akazima injini, hakumsalimia mtu, akasema ramani ya mtaa imebandikwa pale ofisini na serikali imekata njia kati ya kila kiwanja na kiwanja.

"Njia ya nini?" nikamuuliza.

"Hawajaandika. Lakini ipo. Kila mpaka una mistari miwili, katikati peupe."

Mimi wananiita Mizani. Miaka ishirini na miwili nimepima pamba kwenye ghala la chama cha msingi, sijamwibia mkulima hata gramu, na ndiyo maana nimestaafu na baiskeli. Siwapendi watu wanaosema "mistari miwili" bila kusema umbali. Nikamuuliza Taarifa kutoka mstari hadi mstari kuna umbali gani. Akasema mkubwa. Mkubwa kiasi gani? Akasema inategemea umesimama wapi unapotazama. Nikarudi kwenye chai yangu, maana daktari wa presha alinikataza mambo kama haya.

Inabidi nieleze benchi letu lilipo, kwa sababu kesi yote imo humo. Ukikaa ukitazama barabara, kushoto kwako kuna ua wa minyaa ya Machibya, mfugaji, mwenye ng'ombe wengi huko kijijini Ipililo na ndama wawili tu hapa mjini wa kumfariji. Kulia kwako kuna minyaa ya Danford, tunayemwita Mwekezaji, kwa kuwa alirudi kutoka Mwanza miaka kumi na miwili iliyopita kuja kujenga gesti, na mpaka leo gesti imefika kwenye linta tu, juu ya madirisha. Baba zao walipanda kila mtu minyaa yake, kama wazee wa kwetu walivyopanda, wakaacha uchochoro katikati wa kupitishia ng'ombe kwenda lamboni. Lambo likakauka, ng'ombe wakahama, uchochoro ukabaki. Ng'washi akaja akaweka mafiga, benchi na mabati matatu. Ana miaka tisa hapo anauza chai ya maziwa yenye tangawizi na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza uchochoro ni wa nani.

Jambo la pili. Machibya na Danford hawasalimiani. Hawajagombana, hawajaibiana, hawajaoleana vibaya. Tatizo ni kwamba kwetu mdogo ndiye anayemfuata mkubwa alipo, ndiye anayeanza kuamkia, na wakati wa kuondoka ndiye anayeaga kwanza. Hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, ule wa viwavijeshi. Machibya anasema mama yake alimzaa viwavi vinaingia. Danford anasema na yeye ni hivyo hivyo. Cheti cha ubatizo cha Danford kililiwa na mchwa, na Machibya hakubatizwa. Kwa hiyo siku Danford aliporudi toka Mwanza, walisimama kila mtu nyuma ya minyaa yake wakasubiriana, na tangu siku hiyo wanasubiriana. Kwenye benchi mmoja anakaa mwisho wa kushoto, mwingine mwisho wa kulia, na wakitaka kusemezana wanamtumia mtu wa katikati. Mtu wa katikati mara nyingi ni mimi.

Basi asubuhi hiyo kila mmoja alikuwa na lake kuhusu yale mapengo meupe. Taarifa akasema ni ya bomba la maji ya ziwani. Danford akasema huko Mwanza mapengo ya namna hiyo huwekwa kwa ajili ya watalii kutembea kwa miguu, na gesti yake itakuwa tayari. Machibya akaniomba nimwambie aliyesema hivyo kwamba mtalii hawezi kutoka kwao Ulaya kuja kutembea nyuma ya choo cha mtu. Nikafikisha. Danford akaniomba nimjibu aliyeuliza kwamba wapo wanaofanya hivyo. Nikafikisha pia.

Mtu mmoja tu hakusema neno. Huyo ni Method, mwenye duka la kuchapa lililo ng'ambo ya barabara, tunayemwita Wino. Anachapa mabango ya harusi, ya misiba na ya mikutano ya injili, na ndiye mwenye ile printa kubwa ya karatasi za rola, ndefu kama kitanda cha hospitali. Chai yake iliota utando na hakuigusa.

Nikachukua rula yangu, nikapanda baiskeli, nikaenda ofisini kuona kwa macho yangu.

Ramani ilikuwa ukutani na watu wamejaa. Philomena, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, alikuwa akimweleza mwenyekiti kwamba ameshapanda mchicha kwenye pengo lake na hataki kusikia habari ya mtu mwingine humo. Mzee mmoja alikuwa amekata minyaa yote ya upande wa mashariki ili kuipisha serikali. Nikaweka rula. Kutoka mstari hadi mstari milimita mbili, kila mahali, bila kuzidi wala kupungua. Skeli ni moja kwa elfu mbili, kwa hiyo ni mita nne. Lakini nikaona kitu kingine. Mistari ya kutoka kaskazini kwenda kusini tu ndiyo iliyokuwa miwili. Ile ya mashariki magharibi ilikuwa mmoja mmoja, mizuri. Tena mstari mmoja ulikuwa mweusi na mwenzake una wekundu wa mbali. Na majina ya watu nayo yalikuwa mawili mawili, moja limesimama pembeni ya lingine kama kivuli. Mwenyekiti alisema hayo yamekolezwa kwa heshima.

Serikali haikati njia kwenye jina la mtu. Nikarudi kwenye benchi.

"Wino," nikasema. "Ramani umechapa wewe."

"Nimechapa mimi."

"Kwenye faili mpaka ulikuwa na mistari mingapi?"

Akatazama utando wa chai yake.

"Mmoja mmoja."

"Na ulipotoa karatasi ukaona miwili?"

"Niliona. Nikadhani ndiyo mtindo wao wa kisasa. Na ilikuwa inapendeza."

Taarifa akauliza kama bomba la maji bado lipo.

Hapo ndipo Mayu Ng'washi alipofuta mikono kwenye kitenge, akaja akasimama mbele yangu. Ng'washi si mtu wa maneno mengi. Akaniuliza yeye yuko wapi kwenye hiyo ramani. Nikamwambia ukweli: minyaa ya Machibya ni mstari wa kushoto, minyaa ya Danford ni mstari wa kulia, na yeye na mafiga yake yuko kwenye pengo.

"Na pengo ni la nani?"

"Si la mtu."

"Basi hiyo ramani ni nzuri," akasema. "Msiiguse."

Nikamweleza kwamba kosa ni kosa. Kwamba haiwezekani mtaa mzima wenye viwanja mia mbili na kumi ukae na mapengo ya uongo eti kwa sababu pengo moja, lake, limetokea kuwa la kweli. Nilisema kwa kirefu, na nikatoa mfano wa mizani ya pamba. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanimiminia chai, na haikuwa na tangawizi. Kesho yake pia haikuwa na tangawizi.

Mwenyekiti wa mtaa aliposikia, alimwagiza Wino achape ramani nyingine sahihi kabla ya Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa afisa ardhi anakuja kuhakiki mipaka kwa miguu, na baada ya hapo dirisha la pingamizi linafungwa na hati zinaanza kuandikwa. Kwa hiyo Jumanne tukahamia dukani kwa Wino, sote isipokuwa Ng'washi. Danford alibaki kizingitini kwa kuwa Machibya alitangulia kuingia.

Nataka niseme ukweli kuhusu Wino. Ni fundi wa kuchapa, lakini kwa kutengeneza ni kama mtu anayemuuguza mgonjwa kwa kumhurumia. Kwanza aliizima printa akaiwasha. Akachapa karatasi ya majaribio, mistari miwili. Akaiamuru isafishe hedi, yaani vile vichwa vidogo vinavyorusha wino. Ikanguruma, ikanywa wino mwingi, ikatoa mistari miwili, safi zaidi. Akaiamuru tena, na tena. Mara ya tatu mistari ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuihesabu ukiwa stendi.

Taarifa alishauri tuichape polepole. Wino akabadilisha kutoka chapa ya haraka kwenda chapa bora. Ilichukua dakika arobaini, na kila mmoja wetu akafuata ile hedi kwa macho, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka shingo zikauma. Mistari miwili.

Danford akasema kutoka kizingitini nimwambie fundi atazame kama mashine inajua imelishwa karatasi gani. Nikamwambia. Wino akatazama. Mashine ilikuwa inaamini imebeba turubai la bango la harusi. Akaisahihisha, ikajua sasa ni karatasi ya kawaida, na wekundu ukapungua kidogo. Danford akakohoa kwa mtindo wa mtu aliyesaidia taifa. Machibya akaniomba nimwambie anayekohoa kwamba bado ni mistari miwili.

Ikabaki kuzilinganisha hedi. Hiyo mashine yenyewe inajua kufanya: inachapa vijistari vingi, inavisoma, inajipanga hedi zote zipige sehemu moja. Wino akabonyeza. Ikachapa vijistari, ikavisoma, ikakaa, ikaandika kwenye kioo kwamba imeshindwa. Akabonyeza tena. Imeshindwa. Mara ya nne ikaandika hivyo hivyo, na mimi nikaona kwamba ile mashine ina uvumilivu kuliko sisi.

"Wino," nikasema, "hizi hedi uliwahi kuzitoa?"

"Hii nyeusi niliitoa. Wiki mbili zilizopita. Iliziba, ikawa inakatakata mistari. Nikaitoa nikaifuta kule nyuma inaposhikia umeme, nikairudisha."

"Uliifuta na nini?"

"Na pamba."

"Pamba ya dukani?"

Akanitazama kama nimemtukana.

"Mzee, tuko Bariadi. Ninunue pamba?"

Alikuwa ameokota tonge la pamba lililodondoka kwenye lori la kwenda kiwandani, pamba mbichi, yenye mbegu na nyuzi na jani lake. Nimeshika pamba miaka ishirini na miwili. Najua ikigusa kitu haiondoki bila kuacha salamu. Nikamwambia atoe hedi.

Akaitoa. Tukachungulia ndani ya tundu lake kwa tochi ya simu. Mimi sikuona kitu, macho yangu yalibaki ghalani. Wino hakuona. Taarifa aliona kitu akasema ni moto. Ndipo Machibya akatusogeza wote, akapiga goti moja mbele ya mashine, akalishika lile tundu kwa mkono wa kushoto kama anavyoshika sikio la ndama, na kwa kucha mbili za mkono wa kulia akaingia taratibu. Mtu huyu ametoa kupe kwenye masikio ya ng'ombe tangu ana miaka sita. Alitoka na uzi mweupe, mfupi kama kope, na nyuma yake kipande cha mbegu ya pamba.

"Kupe," akasema, akampa Wino.

Hedi ilikuwa imekaa juu ya mbegu ya pamba wiki mbili, imeinuka upande mmoja, inapiga mstari wake milimita mbili kutoka mahali wenzake wanapopiga. Wino akairudisha, safari hii ikaingia mpaka ikalia. Akabonyeza kulinganisha. Ikachapa vijistari, ikavisoma, ikaandika kwamba iko tayari. Tulipeana mikono. Danford alipeana mkono na mlango.

Ramani mpya ilitoka jioni ya Jumatano. Naisema kwa moyo wote: ilikuwa nzuri. Mpaka mmoja, mstari mmoja, mwembamba, mweusi, umenyooka. Majina yalisomeka. Nilipoiweka kwenye benchi, niliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeonyesha hati ya mtoto wake aliyefaulu. Wote wakainama.

Nikatafuta kwetu. Mpimaji aliyeichora ramani alikuwa amepiga picha kwa droni, akaona safu mbili za minyaa karibu karibu, akachora mpaka mmoja katikati. Kulikuwa na kiwanja cha Machibya, kulikuwa na kiwanja cha Danford, na mstari wa kati ulipita juu ya mafiga ya chai.

Uchochoro haukuwepo.

Ng'washi alitazama kwa muda. Akauliza, bila kupandisha sauti, "Sasa mimi niko wapi?"

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepeleka rula. Nilimwambia nusu ya chai yake iko kwa Machibya na nusu iko kwa Danford. Nilisema kwa sauti ndogo. Nilijisikia vibaya, na siyo kwa sababu ya tangawizi.

"Miaka tisa," akasema. "Binti yangu Jenifer nimemsomesha chuo kutoka kwenye haya mafiga. Sina pa kuhamishia hata figa moja." Akachukua ile ramani ya kwanza, yenye makosa, ambayo mwenyekiti alikuwa ameitupa na Wino akaiokota, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya sinia la michembe. Nikadhani anaitumia kufutia mafuta.

Alhamisi ilikuwa siku mbaya. Danford alikuja mapema akatembea hatua mbili nje ya minyaa yake, akasimama, akaiambia hewa kwamba mita mbili zinatosha kabisa varanda ya gesti. Baadaye Machibya akaja, akatembea hatua mbili nje ya minyaa yake, akapima kwa fimbo, akaiambia hewa kwamba ndama wanahitaji kivuli. Wote wawili walikunywa chai ya Ng'washi huku wakigawana ardhi aliyokuwa amesimama juu yake. Nikawaambia kwamba wana haya kidogo sana. Danford akasema yeye siye aliyechora ramani. Machibya akaniomba nimwambie huyo kwamba kwa hilo wanakubaliana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili.

Tulijaribu kumsaidia Ng'washi. Taarifa alimwomba Wino airudishe ile mbegu ya pamba. Wino akasema mashine yake sasa imepona, na hata kama angeirudisha, mapengo yangerudi kwa viwanja vyote mia mbili na kumi, na Philomena angepanda mchicha mwingine. Mimi niliandika barua ya pingamizi ya kurasa tatu. Nilipofika penye neno "mmiliki wa uchochoro" kalamu ikakwama, kwa sababu uchochoro hauna mmiliki, na asiye mmiliki hana fomu.

Ng'washi aliniuliza swali moja tu: Ijumaa afisa akija, anafanya nini hasa? Nikamsomea tangazo. Majirani wawili wanasimama pamoja kwenye mpaka wao, mahali pamoja, wanapigwa picha wakiwa pamoja, wanatia saini fomu moja. Akaniomba nisome tena hapo penye "mahali pamoja". Nikasoma. Akarudi kwenye mafiga, akaongeza kuni. Chai aliyonimiminia ilikuwa na tangawizi.

Ijumaa afisa ardhi alifika saa nne, dada mmoja mwenye kofia ya jua na tepu begani, jina lake Gloria, akiwa na mwenyekiti nyuma yake anayebeba fomu. Ng'washi alikuwa amefagia uchochoro wote, kutoka minyaa hadi minyaa. Benchi alikuwa ameliondoa. Badala yake ameweka vigoda viwili, kimoja kimeegemea minyaa ya Machibya, kingine kimeegemea minyaa ya Danford, na kila kigoda na kikombe cha mwenyewe. Machibya alikaa kwake. Danford alikaa kwake. Katikati moto ulikuwa unawaka.

"Mwangaluka mayu," Ng'washi akamsalimia yule dada, akampa kikombe.

"Mhola," dada akajibu, akatazama ramani mpya. "Kiwanja arobaini na moja na arobaini na mbili. Wenye viwanja wapo?"

"Wapo," wakasema wote wawili, kila mtu kwa upande wake.

"Vizuri. Mpaka wenu uko hapa katikati, kwenye moto. Njooni msimame hapa tupige picha."

Danford akaweka kikombe chini. Machibya akashika fimbo yake. Mita mbili kila mmoja, bure, kwa kuinuka tu. Nikashusha macho, nisione.

Hapo Ng'washi akauliza, huku anakoroga sufuria, sauti ya kawaida kabisa kama anauliza nani anataka sukari.

"Nani anamfuata mwenzake?"

Danford alikuwa ameshainua nusu ya makalio. Akabaki hapo hapo hewani. Machibya alikuwa amesimamisha fimbo. Akailaza tena magotini.

"Mwambie," Danford akaniambia mimi, "asimame kwanza, na mimi nasimama."

"Mwambie," Machibya akasema, "mimi nimeshakaa. Mtu aliyekaa ndiye anayefuatwa."

"Mwambie na mimi nimekaa." Na akakaa.

Dada wa ardhi akawaomba tena, kwa upole. Mwenyekiti akawaomba kwa ukali. Dada akasema basi waondoke kwa pamoja, yeye ahesabu moja, mbili, tatu. Akahesabu. Wote wakasikiliza hesabu yote hadi mwisho. Akanywa kikombe cha kwanza. Akanywa cha pili na michembe. Wakati wa cha tatu akaniuliza mimi hawa wana kesi gani mahakamani, nikamwambia hawana, walizaliwa tu mwaka mmoja. Akaandika kitu kwenye fomu, kisha akakifuta.

"Baba," akamwuliza Machibya, "basi niambie tu. Mpaka wako uko wapi?"

Machibya hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma akagusa minyaa ya baba yake. "Wangu huu hapa."

"Na wewe baba?"

Danford angeweza kusema katikati. Niliona varanda ikipita machoni pake, na vigae na viti vya plastiki. Lakini kusema katikati ilikuwa ni kusema kwamba mwenzake ametulia kwake na yeye ndiye anayetoka kumfuata, kama mdogo. Akapeleka mkono nyuma, akagusa minyaa yake.

"Na wangu huu hapa."

Dada akatoa tepu. Mwenyekiti akashika upande mmoja kwenye minyaa ya Machibya, yeye akaenda hadi minyaa ya Danford, akipita juu ya mafiga kwa uangalifu. Akasoma. Mita nne kamili. Akaandika, nami nilichungulia: uchochoro wa umma, mita nne, unatumika. Akampiga kila mzee picha yake peke yake, pale alipokaa, na kikombe chake.

Kisha akamgeukia Wino, aliyekuwa amesimama nasi pembeni. Akamwambia kwamba ramani ni nzuri, mistari imenyooka, lakini hapa kati ya arobaini na moja na arobaini na mbili irekebishwe, iwekwe mistari miwili, na katikati pabaki peupe.

Wino alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Mheshimiwa," akasema, "nimehangaika wiki nzima kuutoa huo mstari wa pili."

Ng'washi akainua sinia la michembe, akavuta ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikung'uta karanga, akampa dada wa ardhi. Akasema ya kwanza anayo, ikiwasaidia kuangalizia. Dada akaifungua, akaweka kidole kwetu, akatazama uchochoro, akatazama karatasi tena, akauliza ni nani aliyechapa hii. Wote tukamtazama Wino. Akauliza kwa nini hakuleta hii tangu mwanzo, na Wino akasema ni mambo ya pamba, mheshimiwa, ni hadithi ndefu.

Saa sita jua lilikuwa kali, watu wakaondoka. Dada alikwenda kwa Philomena kwenye kesi ya mchicha. Wino alivuka barabara akiwa ameshika ramani zote mbili. Taarifa alipata abiria wa Nyashimo na nikamsikia akimweleza, kabla hata hajawasha pikipiki, kwamba bomba la maji ya ziwani litapita hapa. Mimi nililipa chai, nikamwomba Ng'washi msamaha wa rula, akasema hajui ninazungumzia rula gani.

Danford na Machibya tuliwaacha wamekaa, vikombe vitupu, moto unazimika katikati yao, kila mmoja akimsubiri mwenzake aage kwanza.